Kisu Hakibadilishi Damu

Mume wangu Kang'ethe alitaka kitu kimoja tu kabla hajafa: azikwe Kiminini, kando ya mama yake. Hakutaka jeneza la maana, hakutaka muziki, hakutaka picha kubwa ya kubebwa mbele ya watu. "Mama Joy," aliniambia, "nilaze pale kwa Mama, penye ule mti wa ovakado. Hayo mengine fanya unavyotaka."

Wewe unayenisikiliza utasema hilo ni jambo dogo. Kila mtu si anazikwa kwao? Hata mimi nilidhani hivyo. Lakini siku hizi watu hukaa kikao kwanza waamue kwenu ni wapi, na wewe mwenyewe hujaalikwa.

Basi nikueleze Kang'ethe alikuwa nani, maana nikinyamaza mimi hakuna mwingine atakayesema.

Alikuwa fundi wa nguo. Miguu ilimuuma tangu ujanani kwa kukanyaga cherehani, na alikuwa na tabia ya kuweka pini mdomoni huku akiongea, nami nikimgombeza kila siku kwamba ataimeza. Hakuimeza. Mama yake, Kabura, alikuwa Mkikuyu, alikuja Kitale akiwa msichana aliyeolewa juzi, akavuna mahindi na pareto kwenye shamba la mzungu. Wazungu walipoondoka, vibarua wakachanga, wakaunda kampuni, wakalinunua shamba na kugawana. Kabura akapata kipande chake Kiminini. Bwanake akafa mapema, na Kang'ethe akazaliwa pale pale. Kitovu chake kimezikwa pale. Kama huyo si mwenyeji, basi mniambie mwenyeji huwa anatoka tumbo gani.

Sisi tulikuwa majirani zao. Baba yangu, Mzee Khisa, alikuwa amempikia mzungu mmoja miaka mingi kabla ya uhuru, na hadithi zake za jikoni zilituchekesha sana. Alisema wazungu wa Kitale walikuwa na mikutano yao, yeye akiwapelekea chai, na kila mkutano ni wimbo ule ule: nyanda hizi ni za damu yetu, tumezifanyia kazi, mwingine akija aje kama kibarua na kipande, kile kitambulisho cha kazi, shingoni. Bwana wake yule alikuwa na picha ndani ya kabati, picha ya mkutano huko Ulaya, watu wengi wamevaa mashati ya rangi moja na wamenyoosha mikono. Vita viliisha, hao wa kwenye picha wakashindwa, lakini mzungu wetu hakuitupa. Siku akilewa alikuwa anaitoa na kuipangusa vumbi.

Baba alikuwa akituigizia yule mzungu anavyoipangusa picha, nasi tunacheka mpaka tunashika mbavu. Kakangu Wabwile ndiye aliyecheka kuliko wote. Alikuwa anavaa koti la Baba, ananyoosha mkono, anatembea uani kama jogoo. Umkumbuke huyo Wabwile.

Wabwile na Kang'ethe walikuwa kitu kimoja. Walichunga pamoja, wakapigwa pamoja, wakaiba miwa pamoja. Ilipofika Agosti ya themanini na sita, mwaka wa kutahiri kwetu Wabukusu, Wabwile akaanza kuzunguka na njuga zake kualika jamaa, na Kang'ethe akawa nyuma yake kila boma. Siku moja akaja akasimama mbele ya Baba akasema naye anataka. Mama yake ni mjane, hana mjomba wa karibu wa kumpeleka kwa desturi za kwao, na yeye hatabaki mtoto wakati Wabwile amekuwa mtu mzima.

Baba akamtuma mtu kwa Kabura. Kabura akajibu, "Kama mtamsimamia kama mtoto wenu, mchukueni."

Alfajiri ya kutahiriwa walipakwa tope mtoni wote wawili, wakarudishwa kwa nyimbo, wakasimama uani kwetu bega kwa bega. Mimi nilikuwa msichana mdogo nachungulia kupitia miguu ya shangazi zangu. Hakuna aliyepepesa jicho. Kabura alipiga vigelegele kwa Kikuyu na mama yangu kwa Kibukusu, na hakuna aliyeuliza ni lugha gani hii.

Ukitahiriwa na mtu kwetu, huyo ni bakoki wako. Si rafiki. Rafiki mnaweza kukosana mkaachana. Bakoki humnyimi chakula, humdanganyi, na binti yake huwezi kumuoa maana ni kama wa kwako. Akifika kwako unamtania hadi anachoka, lakini akiitwa na shida unakwenda. Hilo halina mjadala. Kang'ethe alilichukua kama mtu anavyochukua sakramenti. Sisi wenyewe wengine tunalisema tu kwa mdomo, lakini yule aliyelikuta ukubwani alilishika kwa mikono miwili.

Baadaye alinioa mimi. Wabwile alimtania mpaka basi: "Ulikuja kwa kisu, kumbe ulikuwa unatafuta dada yangu!"

Kabla ya hapo lakini lilipita jambo ambalo sharti nilitaje. Baba alikuwa amehamia juu kwenye miteremko ya mlima kulima, sisi sote pamoja naye. Mwaka wa tisini na mbili siasa za majimbo, kila kabila na eneo lake, zikapamba moto. Vijana wakaja na mishale, wakasema mlima una wenyewe, Wabukusu warudi kwao. Kwetu! Nyumba ikateketea na mahindi ndani. Tulishuka kwa miguu na magunia kichwani, Baba akiwa mgonjwa, na unajua tuliingia wapi? Kwa Kabura. Mama huyo alitutolea chumba cha kushonea cha mwanawe, akahamishia cherehani jikoni, tukalala pale msimu mzima na zaidi. Hakutuuliza tutaondoka lini. Baba alifia katika nyumba hiyo. Wabwile alifunikwa na blanketi la Kang'ethe. Ninasema kitu nilichokiona kwa macho yangu haya mawili.

Na mwaka ule wa uchaguzi uliomwaga damu, mwisho wa elfu mbili na saba, vijana wa huku kwetu walipokuja langoni kwa Kang'ethe, Wabwile alikuwa hapo kabla yao na panga lake. Akawaambia, "Huyu ni bakoki wangu. Mnaanza na mimi." Wakarudi. Haki ya Mungu, siku hiyo nilijivunia kuzaliwa tumbo moja naye.

Kwa hivyo usinione mjinga nikikuambia kwamba hatukuona yaliyokuwa yanakuja.

Hayakuja na mishale. Yalikuja na hema na viti. Kiwanda alichofanyia Wabwile kazi kilifungwa, wanawe wamesoma hadi chuo kikuu na wamekaa nyumbani wanahesabu kuku, bei ya mbolea inapanda kila mvua. Watu wa hapo kijijini wakaunda chama cha kusaidiana matangani. Kila mtu atoe kitu, kinunuliwe hema, viti na sufuria kubwa. Wabwile akachaguliwa mwenyekiti. Kang'ethe akatoa mchango kama wengine, na ndiye aliyeshona mapazia ya hema.

Halafu akatokea mheshimiwa mmoja, jina lake silitaji asije akafurahi, akaongeza viti na spika. Na mwenye kuleta spika, bana, ndiye huongea. Akaanza kuuliza matangani: kwa nini maduka mengi ya stendi hayana majina ya huku? Nani anawauzia mashamba? Watoto wenu watajenga wapi? Maswali tu, hakumtukana mtu. Watu wakatikisa vichwa, maana shida zenyewe zilikuwa za kweli. Hilo ndilo huwa linaniumiza. Shida zilikuwa za kweli.

Chama kikabadilishwa jina kikaitwa Wenye Udongo. Ikaja sheria kwamba matangani kuongewe lugha moja. Ikaja nyingine kwamba anayeuza shamba kwa mgeni atozwe faini. Wakaanzisha mkutano wa vijana kila Jumamosi, wakipiga hatua uwanjani. Mwishowe wakataka sare.

Na sare akapewa nani kushona? Wabwile mwenyewe alikuja na robota la kitambaa cha kijani. "Bakoki, kazi hii siwezi kumpa mtu mwingine. Nani atashona kama wewe?"

Nilimwambia mume wangu, "Baba Joy, unakumbuka picha ya mzungu wa Baba? Watu wenye mashati ya rangi moja?"

Akatoa pini mdomoni akacheka. "Mama Joy, hawa ni watu wetu. Nitakataa kazi ya bakoki wangu kwa sababu ya rangi?"

Akashona. Akashona vizuri, maana hakujua kushona vibaya. Kola ya kahawia, mifuko miwili, na mfukoni akadarizi jembe dogo. Shati la Wabwile alilitilia mishono ya ziada, akaligeuza kola mara mbili lisichakae. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi nilikuwa nausikia msemo huo shuleni, sikujua siku moja nitaupiga pasi.

Baada ya hapo mambo yalikimbia. Siku moja Kang'ethe aliamka akakuta ameondolewa kwenye kundi la WhatsApp la chama. Yeye aliyetoa mchango tangu mwanzo! Akadhani ni simu imeharibika, akampelekea Joy, binti yetu, aitengeneze. Joy akaangalia, akatusomea. Aliyemtoa ni Wabwile.

"Amegusa kwa kidole bahati mbaya," Kang'ethe alisema. "Vile vidole vyake vinene unavijua."

Woi, mume wangu. Angemtetea bakoki wake hata mbele ya malaika.

Likaitishwa baraza uwanjani, kila mwenye nyumba aende ajieleze. Nilimsihi tusiende, twende kwa dada yangu Bungoma tukae kwanza, mambo yapoe. Akakataa. Alioga, akavaa suti yake, akaniambia maneno ambayo nayasikia hadi leo: "Wengine wana haki ya kuogopa, hawana mtu. Mimi nina Wabwile. Watauliza kitu kimoja tu, nimetahiriwa wapi na nani. Hilo nalijua kujibu."

Hapo ndipo alipokosea. Si kosa la mgeni, ni kosa la mtu aliyeamini mila yetu kuliko sisi wenye mila.

Uwanja ulikuwa wa kijani mtupu. Mimi nikawa natazama mishono. Naijua mishono ya mume wangu hata kwa mbali. Kijana mmoja wa spika akaita majina, na lilipofika lake akasema, "Kang'ethe. Wewe ni wa wapi?"

"Wa hapa."

"Hapa wapi?"

"Kiminini. Nilipakwa tope kwa mto ule pale, nikasimama uani kwa Mzee Khisa, themanini na sita. Bakoki wangu ndiye yule amekaa mbele. Muulizeni."

Watu wote wakamgeukia Wabwile. Kulikuwa na wazee pale waliokuwepo siku ile ya kutahiri, wakawa wanasubiri tu aseme neno moja, nao wapate pa kushika. Neno moja! Angesema "ni kweli", baraza lingekufa pale pale. Mheshimiwa alikuwa ameketi kando yake, amekunja mguu.

Wabwile akainuka, akavuta shati lake chini. Hakumtazama Kang'ethe. Akashika spika akasema, "Kisu hakibadilishi damu."

Uwanja ukalipuka kwa makofi. Wale wazee wakatazama chini.

Kang'ethe alikuwa bado amesimama. Alitazama tu lile shati, nadhani alikuwa anatazama kola. Halafu akanishika mkono tukatembea hadi nyumbani, akiwapungia majirani mkono njiani kama kawaida. Tulipofika akakaa kwenye cherehani na hakushona kitu.

Siku ya soko wakaja asubuhi kweupe, vijana, wengine nimewabeba mgongoni. Walitoa cherehani nje wakaipondaponda barabarani. Nyumba hawakuichoma, walisema haina makosa. Mimi wakaniambia, "Shangazi, wewe ni wa kwetu. Baki. Yeye ndiye anaenda."

Niliwatukana matusi ambayo siwezi kuyarudia, mimi mama wa kanisa. Kisha nikafunga virago tukaenda.

Tulipanga vyumba viwili huko Mabanga, karibu na kile chuo cha wakulima, na Kang'ethe akawa anaenda Bungoma mjini kutafuta kazi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mafundi wa pale walimtazama kwa jicho la pembeni hadi mzee mmoja Mhindi wa duka la vitambaa, Chaman, akamwambia aweke cherehani ya kukodi kwenye veranda yake.

"Kaa hapa, fundi," alimwambia. "Babu yangu aliambiwa arudi kwao, baba yangu akaambiwa, mimi nimeambiwa. Kwetu ni hii duka." Alikuwa na mpwa wake ng'ambo aliyekuwa akimtumia video za watu wa huko walikotoka mababu zao, nao wamevaa sare, nao wanaimba kuhusu udongo na damu na nani atolewe. Chaman alituonyesha moja. Maneno hatukuyaelewa, lakini Kang'ethe alisema anaijua hiyo hatua ya miguu. Chaman akaifuta, akaenda kupima kitambaa cha mteja.

Mume wangu alifanya kazi, lakini hakuwa yule. Hakutania tena. Nilimkuta ameacha kuweka pini mdomoni, nami niliyemgombeza miaka yote nikatamani aziweke. Jina la Wabwile hakulitaja kwa ubaya hata siku moja. Mimi nikimlaani alikuwa anasema, "Mama Joy, wamemfunga mdomo. Ipo siku atasema." Alisubiri simu yake. Ikilia tu anaitazama haraka, halafu anaiweka chini polepole. Moyo wangu ulivunjika kwa kuiona hiyo simu kuliko kwa cherehani.

Presha ikapanda, upande mmoja ukafa ganzi, akalazwa. Siku za mwisho ndizo alizoniambia habari ya Kiminini na mti wa ovakado. Nilimuahidi. Mtu anayekufa unamwambia nini kingine? Alikata roho mchana, Joy akiwa amemshika miguu, ile iliyokuwa ikimuuma.

Nikaenda kwa kakangu.

Nilimkuta kwake, amevaa lile shati, limefifia mabegani lakini kola bado nzima. Mkewe aliniletea chai, nikaiacha ipoe mezani. Nikasema, "Wabwile, Baba Joy amekufa. Anataka kulala kwa mama yake. Mimi sijaja kwa mwenyekiti, nimekuja kwa bakoki wake."

Alilia. Sitamnyima hilo, alilia kweli. Kisha akapangusa uso akaanza kuongea kama mwenyekiti. "Dada, wewe huelewi. Vijana hawa siwaendeshi mimi tena. Wakisikia nimemruhusu azikwe huku, mimi nimekwisha. Wameanza hata kuuliza juu ya wale wenye mama Wasabaoti, wenye wake Wateso. Hakuna aliye salama."

"Si ni wewe uliyewafundisha?"

Akajibu, "Tulifukuzwa mlimani, Nasike. Nilisema hatutafukuzwa tena. Hicho tu ndicho nilitaka."

"Na tulilala wapi tulipofukuzwa?"

Alitoka nje akazunguka uani, akarudi. Akasema iko njia moja. Nimlete. Jeneza lifungwe, lisifunguliwe. Jamaa zake wa Kitale wasije kwa wingi, wala kusiimbwe nyimbo zao. Na msalabani pasiandikwe Kang'ethe. Paandikwe jina la kwetu. Vijana wataambiwa ni jamaa yetu wa mbali aliyefia Bungoma. Atakayemjua atajifanya hajui, mradi jina lile lisitajwe.

"Jina gani?"

"Mwite Khisa. Ni jina la Baba. Si ni heshima, dada? Baba ndiye aliyemsimamia."

Nilitaka kummwagia ile chai. Nilisimama kabisa, nikashika kikombe. Kisha nikamkumbuka Kang'ethe kitandani, upande mmoja wa mdomo umeshuka, akisema penye ule mti wa ovakado. Hakusema neno juu ya jina. Alitaka mama yake.

Niliporudi Mabanga nikamwambia Joy, akanitazama kana kwamba nimempiga kofi. "Mama, kwa hivyo Baba atafukuzwa hata kwenye kaburi lake, halafu sisi tuseme asante?"

"Atalala na mama yake, Joy."

"Nani atalala na mama yake? Khisa? Cucu Kabura, nyanya yangu, hakuzaa Khisa." Akalia, nami nikalia. Hakuna aliyekuwa na makosa kati yetu. Mkitaka kunihukumu nihukumuni, lakini mje na mtu aliyewahi kuchagua kati ya jina la mumewe na mwili wake.

Nilikubali.

Tulimpeleka Ijumaa. Chaman alitoa kitambaa cheupe cha sanda, mita za kutosha, akakataa kusikia habari ya malipo. Akafunga duka akaja nasi, akasimama nyuma kabisa akiwa ameshika kofia. Joy alifika hadi langoni, pale pale Wabwile aliposimama na panga, na hapo akagoma. Akasema yeye ni Joy Kang'ethe na hawezi kuingia kwenye matanga ya mtu asiyemjua. Alibaki barabarani, pale walipovunjia cherehani.

Hema lilikuwa lile la chama. Mapazia yalikuwa yale aliyoyashona. Kabura alikuwa pale chini, msalaba wake umeliwa na mchwa, jina halisomeki tena, nadhani ndiyo sababu walimwacha. Kando yake shimo, na msalaba mpya mweupe: KHISA.

Mchungaji akahubiri haraka haraka. Kisha Wabwile akashika spika. Mimi nilidhani atasema mawili matatu akae, lakini alipoanza hakuweza kujizuia. Alisema marehemu alikuwa bakoki wake. Alisema walipakwa tope pamoja alfajiri, akasimulia miwa waliyoiba, akasimulia blanketi, ndiyo, blanketi, alilofunikwa usiku Baba alipokuwa mgonjwa. "Huyu mtu," alisema, "huyu mtu hakuwahi kuninyima kitu." Vijana wa mashati ya kijani wakapiga makofi. Kina mama wakapangusa macho. Yote aliyoyasema yalikuwa kweli, na ndiyo maneno ambayo Kang'ethe aliyasubiri uwanjani, akayasubiri kwenye simu, akafa akiyasubiri. Yalikuja akiwa amefungiwa ndani ya sanduku na anaitwa mtu mwingine.

Nilitamani Kang'ethe asikie, na nilitamani asisikie.

Wakateremsha jeneza. Mjane huanza, nikachukua udongo, ule ule wenye wenyewe, nikainama. Wabwile alikuwa kando yangu amenishika kiwiko nisianguke. Nikaona siwezi kumwacha mume wangu aende hivyo, bila mtu hata mmoja kumwita. Nikainama zaidi nikamwita kwa sauti ndogo, "Kang'ethe. Kang'ethe wa Kabura. Umefika."

Mkono wa kakangu ukakaza kwenye kiwiko changu. Alikuwa amesikia. Nikainua uso nimtazame, nikidhani labda sasa, hapa mbele ya shimo, atalitaja naye hata kwa kunong'ona. Kakangu aligeuza kichwa akatazama nyuma, kuona ni nani mwingine aliyesikia.